Mbegu Nilizogawa Nikijua

Waliopanda maharage yangu mwaka ule bado wanasema mvua ndiyo iliyowaponza. Masika ilikuja na baridi, mawingu hayakuinuka juu ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, jua lilionekana kwa kuibia, na kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kuilaumu mbingu. Niliwaacha waamini hivyo kwa muda mrefu. Mvua ilichangia, hilo silikatai. Ila ugonjwa uliingia mashambani mwao ukiwa ndani ya mbegu, mbegu niliwapa mimi, na siku nawapa nilikuwa nimeshauona kwa macho yangu.

Nilikuwa bibi shamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, huku Kibosho, mlimani juu ya mji wa Moshi, na kata za jirani. Nina stashahada ya kilimo. Nalitaja hilo mapema asije akatokea mtu mwema wa kunitetea kwamba sikujua. Kwa padri nimeshaungama na malipizi nimeyatimiza, lakini padri hakupanda maharage yangu.

Kwetu maharage hulimwa kwa ngazi mbili. Juu, kihambani, hukaa chini ya migomba na kahawa, penye ubaridi na umande. Chini, kuelekea tambarare za Moshi hadi Kahe, watu wana mashamba ya mahindi na maharage kwenye joto na vumbi. Mbegu hupanda na kushuka kati ya ngazi hizo kila mwaka. Za mahindi watu hununua dukani. Za maharage mtu huchota kwenye gunia lake mwenyewe, au hukopa kisado kwa jirani akarudisha kisado baada ya mavuno. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya kahawa, hakiko mbali na sisi, na aina za Lyamungu 85 na Lyamungu 90 zimelipeleka jina lake mbali sana. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya mbegu za maharage nchini bado hutoka mkono kwa mkono. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilituletea TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mbegu za kuuzwa hukaguliwa. Kisado cha jirani hakikaguliwi na yeyote. Anayekipokea anamwangalia usoni aliyempa, basi.

Mimi walikuwa wananiamini kwa sababu ya kinundu. Tulishawahi kujaribu chanjo ya rizobia, ule unga mweusi unaochanganywa na maji ya sukari ili ushike kwenye mbegu. Maharage yalipotoa maua niling'oa shina moja mbele ya kikundi, nikakung'uta udongo, nikachagua kinundu kimoja kwenye mzizi na kukipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, wekundu wa nyama mbichi. Rangi hiyo inatokana na protini ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu, na ukiiona ujue bakteria wako kazini, wanaikamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kina mama walipokezana kile kinundu mpaka kikasagika vidoleni. Tangu siku hiyo nikitamka neno bakteria watu walinisikiliza, na mimi mwenyewe nikaanza kujisikiliza kupita kiasi.

Kwa hiyo niliposoma kwamba wapo pia bakteria wa kuilinda mbegu na magonjwa, sikuhitaji kushawishiwa. Na kweli wapo. Bacillus subtilis, aliyepewa jina hilo na Ferdinand Cohn mwaka 1872, hupatikana kwenye udongo karibu kila mahali. Chakula kikiisha hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala, akavumilia ukavu na joto, ndiyo maana anaweza kuwekwa kwenye unga, akakaa dukani, kisha akaamka mbegu inapopata maji. Akiamka huwahi nafasi kwenye mzizi mchanga, hula chakula ambacho vimelea wangekula, hutoa kemikali za kuwaua au kuwadumaza, na wakati mwingine huushtua mmea wenyewe ukaanza kujihami. Sweden mwaka 1997 walianza kuuza dawa ya mbegu za shayiri iliyotengenezwa kwa bakteria mwingine, Pseudomonas chlororaphis, dhidi ya fangasi wanaosafiri na mbegu. Hapa nchini Said Massomo na wenzake, akiwamo Robert Mabagala wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walijaribu bakteria wa jamii ya Bacillus dhidi ya uozo mweusi wa kabichi, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na mbegu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Sikulaghaiwa na mtu. Sayansi ilikuwapo, nami nikaitwika mzigo ambao yenyewe haikuahidi kuubeba.

Mbegu nilikuwa nazalisha kwenye shamba la chini. Kwa hilo sijutii hata leo. Kule ni kukavu, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, hupita ardhini bila kurusha matone juu ya majani, na bakteria wa magonjwa ya maharage usafiri wao mkubwa ni matone ya mvua. Kasoro ilikuwa kwenye mbegu mama. Niliitoa kihambani kwangu, aina ya zamani ya nyumbani, inayoiva upesi jikoni na isiyovunjikavunjika kwenye kiburu cha ndizi na maharage. Msimu uliotangulia niliona pale juu mashina machache yenye majani ya njano, nikayang'oa na kuyatupa. Nilijiambia nimemaliza.

Siku chache kabla ya kuvuna nilipita kwenye mistari asubuhi, jua halijawa kali. Nikakuta ganda moja lenye doa. Lilikuwa la mviringo, kijani kilichokolea kuliko ganda lenyewe, na lilikuwa na unyevu wa kung'aa, kama tone la mafuta ya taa lililodondokea karatasi. Nikalibonyeza kwa kidole gumba. Katikati ya doa palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya maziwa, umekauka pembezoni. Nikalipasua ganda. Punje zilikuwa tano. Nne zilikuwa nzuri, zimejaa, zina ng'ao. Ya tano ilikuwa na mkunjo mdogo na weupe wa kuelekea njano karibu na kitovu. Nikafunua majani ya mashina ya jirani kutafuta lile duara la njano linalozunguka doa, ambalo nimewafundisha watu kulitafuta. Sikuliona. Palikuwa na vidoa vidogo vya kahawia tu, vya aina ambayo mtu anaweza kusema ni jua, au ni mchwa, au ni chochote anachotaka kiwe. Nikaliweka lile ganda kwenye mfuko wa gauni na kwenda kunywa chai.

Naomba nieleze ni kwa nini kutoliona lile duara hakukupasa kunipa amani, maana hapa ndipo ilipo dhambi yenyewe. Ugonjwa huu wa duara la njano Walter Burkholder aliueleza huko Marekani mwaka 1926. Bakteria wake ni Pseudomonas, ndugu wa karibu wa baadhi ya hao tunaowaita rafiki. Maabara huwakuza kwenye chakula maalumu kilichobuniwa mwaka 1954, na ukiwamulika kwa mwanga wa urujuanimno, adui na rafiki wote huweza kung'aa. (Ukoo mmoja, tabia mbili. Hata kwetu yapo.) Adui huyu hutoa sumu inayolifanya jani kuwa la njano kuzunguka doa, lakini huitoa vizuri kwenye ubaridi, nyuzi 18 hadi 20 hivi. Joto likipanda kuelekea nyuzi 28 duara hupotea ingawa bakteria bado yumo. Shamba langu la chini saa za mchana hupita hapo kwa urahisi. Nilikuwa nimeyaandika hayo ubaoni kwa mkono wangu, kwenye mafunzo, zaidi ya mara moja. Shamba la joto lilikuwa linauficha ugonjwa, na mimi nilijua linauficha.

Nilijua pia hesabu yake. Imeonyeshwa kwamba mbegu mbili tu zenye ugonjwa kati ya elfu kumi zinatosha kuanzisha mlipuko, hali ya hewa ikiruhusu. Kilo moja ya maharage ya ukubwa wa yale ina mbegu elfu mbili na ushee. Kwa hiyo punje mbili ndani ya kilo nne au tano. Hakuna mama, hata mwenye macho makali namna gani, atakayeziona kwenye ungo, hasa kwa kuwa nyingine hazina mkunjo wala weupe wowote.

Kilichotakiwa ni kitu chepesi mno. Yale maharage yalikuwa chakula kizuri. Ugonjwa huu haumdhuru mlaji. Ningeyapeleka soko la Mbuyuni au la Kiboriloni, yakauzwa kwa kisado, yakaliwa, kesi ikaishia chunguni. Ila nilikuwa nimeshatangaza. Nilisimama kwenye mkutano wa kikundi nikasema mwaka huu mbegu bora zitatoka kwa mwenzenu, tena zimefanyiwa kinga ya kisasa isiyo na sumu. Watu walipiga makofi. Baadhi walikula mbegu zao zote wakisubiri zangu. Kusimama tena na kusema zimeharibika kungenigharimu aibu ya jioni moja.

Hapo ndipo unga wa Bacillus uliponifaa. Nilikuwa nimeununua mjini, na karatasi yake ilisema mambo mawili kwa herufi ndogo zinazosomeka vizuri: utumike kwenye mbegu safi, na usichanganywe na dawa zenye shaba. Nilisoma yote mawili. La kwanza nililitafsiri kwa faida yangu. Kama bakteria hawa wanapigana na vimelea, nilijiambia, basi watapigana na hata hawa waliomo, na doa moja kwenye ganda moja si kitu. Sikuamini kabisa. Niliamini kiasi cha kuweza kulala usingizi.

La pili nililivunja kwa uzembe tu. Siku ya kuchanganya tulikusanyika uani kwangu, na ndoo ikapelea. Nikachukua ndoo ya bluu iliyokuwa imeegemea banda la ng'ombe. Ni ndoo tuliyokuwa tukikorogea kopa, dawa ya shaba ya kupulizia kahawa dhidi ya ugonjwa wa chule buni, na chini yake palikuwa na ukoko wa kijani-bluu ambao mtu ukiusugua kwa kidole unabaki na rangi. Niliisuuza haraka, nikamimina maji ya sukari, nikamimina unga. Shaba tunaipulizia kwenye kahawa kwa sababu ni sumu kwa fangasi na bakteria. Haichagui nani rafiki. Ni wangapi walikufa kwenye ile ndoo sijui, na wala haikuwa sababu ya maafa. Hata wangekuwa hai wote, mbegu zilikuwa zile zile. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha nilivyokuwa siku ile. Mtu anayeamini dawa yake haikorogei kwenye sumu.

Tulikuwa tunageuza punje kwa mikono kwenye turubai, kivulini, ziwe na vumbi jeusi pande zote, ndipo mzee mmoja, meku ambaye watu humheshimu kwa kuwa hasemi hovyo, akaokota punje moja na kuiinua.

"Mama," akaniuliza, "hawa wadudu wako wanakaa nje au wanaingia ndani?"

"Wanaingia, meku," nikamjibu.

Hawaingii kwa maana aliyouliza. Bacillus aliyepakwa hukaa juu ya ganda la mbegu. Adui yuko chini ya ganda hilo, pengine ameingia kupitia mshono wa ganda la maharage au kitovu cha punje wakati mbegu ingali changa, na anaweza kukaa humo miaka akiwa hai. Maji ya kupandia huwaamsha wote wawili, lakini mmoja anaanzia nje ya mlango, mwenzake yumo chumbani na mtoto. Mche unapofunua majani yake mawili ya kwanza, ugonjwa umeshafika huko. Kwenye mbegu ndogo za kabichi mtu anaweza angalau kutumia maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25 au 30 akapunguza sana vimelea waliomo ndani. Maharage hayavumilii, hupasuka na kupoteza uotaji. Yote hayo niliyajua. Meku aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini, na nikamjibu uongo, nikicheka kidogo, na wengine wakacheka.

Visado vikapanda mlimani. Masika ilipokuja na baridi yake, majani ya chini yakaanza, kisha ya juu, doa dogo la kahawia na duara pana la njano kulizunguka, halafu mashina mazima yakapauka na kudumaa. Kwenye vihamba vya juu hali ilikuwa mbaya kuliko vya chini, sawasawa na nilivyowahi kuchora ubaoni. Walionijia niliwaambia ni mvua. Mmoja nilimwambia ni udongo wake, na huyo ndiye ninayemwonea aibu zaidi, kwa sababu alikwenda akanunua mbolea.

Nilinyamaza mpaka mavuno yakapita, nikakaa na siri hiyo msimu uliofuata pia. Kilichonifungua mdomo hakikuwa dhamiri peke yake. Nilimkuta mama mmoja anapembua maharage yale yale, machache aliyopata, ayatenge ya mbegu. Aliyasifia. Alisema yamenusurika mvua, kwa hiyo yana nguvu.

Kwetu aliyekosa huenda na isale, lile jani tunalopandia mipaka ya kihamba. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Ndiyo nguvu yake. Nilifikiria kukata jani nikaona ni kuwaziba watu midomo kabla hawajasema. Nikaenda kwenye mkutano mikono mitupu nikaeleza yote: ganda, mfuko wa gauni, ndoo, jibu langu. Kimya kilikuwa kirefu. Mama mmoja akasema, "Kumbe ulijua," si kwa ukali, kama anayethibitisha bei. Mwingine akauliza kama zilizobaki azipike, nikamwambia azipike zote, asibakize hata za majaribio. Meku alisema neno moja tu, "Niliuliza," akachukua kofia yake.

Kuzifuata mbegu kulinishinda. Kisado kimoja kilikwenda Rombo kwa wakwe, kingine Machame na harusi, na kutoka huko vimegawanyika tena. Tena hata kila kisado kingerudi, haitoshi. Mwaka 1992 Mabagala huyohuyo pamoja na mwenzake Saettler walichapisha kazi yao ya kaskazini mwa Tanzania inayoonyesha kuwa bakteria wa ugonjwa huu huishi pia kwenye magugu, ukiwamo mmea mmoja wa jamii ya mikunde unaotambaa porini, Neonotonia wightii. Sasa nikipita kando ya mfongo nainama kufunua majani ya kila kitambaazi, na wapita njia wananiuliza nimepoteza nini. Nimetumia sehemu ya kiinua mgongo kununua mbegu zilizothibitishwa na kuzigawa kwa wale niliowaharibia. Si wote waliozichukua. Yule niliyemsingizia udongo alizichukua na akanidai na bei ya mbolea. Nikalipa.

Kwangu sasa napanda kitanda kidogo cha majaribio juu, kwenye baridi, kabla ya kuamua lolote kuhusu mbegu ya chini; duara la njano likitokea hata kwenye mche mmoja, fungu zima linakwenda jikoni. Bakteria bado natumia, kwenye mbegu iliyofaulu hapo, na ndoo yao ina kifuniko na jina. Lakini ni mimi peke yangu. Kikundi hakitaki tena kusikia habari ya unga wowote, hata rizobia, ambaye kosa hakuwa nalo na ambaye wenyewe walimwona mwekundu ndani ya kinundu. Nimejaribu kuwaeleza kuwa hawa ni tofauti na wale. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanaulizana habari za mvua.

Meku naye hakuzipika zake. Anasema ni maharage ya mama yake, yalikuwapo kihambani kabla yangu na kabla ya unga wangu, na hilo ni kweli. Kila masika naomba ruhusa, naingia kwake na kikapu, nang'oa mashina ya njano na kwenda kuyachoma. Mwaka jana alisimama akinitazama nikimaliza mstari.

"Ng'oa unavyotaka," akasema. "Ila ule unga usiulete hapa."